Mvua Tuliyoichagua

"Dada, hivi ukuta wa mtu unaweza kukatwa kwa sababu ya mvua ambayo bado haijanyesha?"

Mama Pacha aliniuliza hivyo asubuhi moja ya kiangazi, amesimama nje ya dirisha langu, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake wafanyakazi wawili wa ofisi ya ujenzi ya mji walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyekundu, wanapiga mstari kwenye kuta za ubavuni kuonyesha kila nyumba itakatwa mpaka wapi. Mstari haukubagua. Kwangu ulikimega chumba cha mbele, ambacho ndimo ninamopigia pasi nguo za watu na ndicho kinachonilisha. Kwake, kule chini mtaa unakoishia, ulikichukua chote chumba cha mkwewe, mama wa mume wake, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi.

"Mwenye mstari yuko ndani anakunywa chai," nikamwambia. "Muulize mwenyewe."

Mwenye mstari alikuwa binti yangu.

Niseme kidogo habari zake. Baba yake alifariki yeye angali anavaa sare ya shule. Mimi elimu yangu ni ya msingi tu, nikashika pasi ya mkaa na mpaka leo sijaiweka chini. Yeye alisoma mambo ya maji, akasoma tena, akaajiriwa ofisi ya ujenzi, upande wa mitaro. Wenzangu tunaosali pamoja watoto wao walikuwa wanajenga madaraja na maghorofa, walau kwa mdomo wa mama zao. Wangu alipewa maji machafu. Sikulalamika. Nilikuwa nimemwomba Mungu mtoto apate kazi, sikutaja kazi gani.

Mama Pacha aliingia lakini hakukaa.

"Shikamoo, mama mdogo," binti akasema.

"Marahaba. Bibi yako unataka kumlaza wapi?"

Binti aliacha chai yake, akatutoa uani. Pale uani nina kishimo chenye bomba ambamo humwaga maji ya kufulia. Akachukua ndoo ya maji ya suuza, akaimimina taratibu, kijito chembamba kama cha birika. Kishimo kikayameza yote. Akaijaza tena, na safari hii akaibwaga kwa mara moja. Maji yakaruka kishimo, yakatulowesha miguu, yakaenda mpaka mlangoni.

"Ndoo ni ile ile," akasema. "Kilichobadilika ni haraka yake. Miaka yote ofisini tumekuwa tunapima mvua ya siku nzima. Asubuhi mtu anakwenda, anaangalia maji yaliyo kwenye kopo, anaandika. Lakini mtaa huu hauzamishwi na mvua ya siku nzima. Tone linaloangukia bati la mwisho kule juu linafika kwenu kwa muda wa kuchemsha chai. Mimi nataka kujua ndani ya muda huo mfupi kinaanguka kiasi gani, siku mvua ikija kwa hasira."

"Na hilo nani anajua?"

"Kiko kipimo chenye kalamu kule mlimani, kwenye uwanja wa shule. Mvua ikinyesha kalamu inachora mstari kwenye karatasi. Mstari ukilala, mvua ni ya upole. Ukisimama wima, ndiyo ile mbaya. Wamezihifadhi karatasi zake tangu sijazaliwa, nimezipitia zote, nikahesabu mvua ya namna gani imekuja mara ngapi. Ile inayokuja mara kwa mara tunaiita ya miaka miwili. Nikichora mtaro wa kuimeza hiyo, unakuwa mwembamba, haugusi ukuta wa mtu. Ile kali inayokuja kwa nadra tunaiita ya miaka ishirini na mitano. Mtaro wake ni mpana. Ndio huo mstari unaouona."

Mama Pacha alipiga hesabu kichwani, midomo ikicheza.

"Miaka ishirini na mitano Bibi atakuwa ameshaenda zake. Mimi nitakuwa sina meno. Kwa hiyo unambomolea mgonjwa chumba leo, kwa mvua ya wajukuu."

"Haingoji, mama mdogo. Chukua vikaratasi ishirini na vitano, kimoja kiandike mvua, vitie vyote ndani ya kofia. Kila mwaka kinachomolewa kimoja, halafu kinarudishwa. Kile cha mvua kinaweza kutoka mwaka huu. Kinaweza kutoka mwaka huu na mwakani pia."

"Na anayechomoa ni nani?"

Binti alinitazama mimi.

"Umemchezesha Mungu bahati nasibu mbele ya mama yako," Mama Pacha akasema, na tukacheka wote watatu, miguu yetu bado imelowa.

Bibi mwenyewe alikuwa ameshikwa na kiharusi, miguu yote miwili imekufa. Kitanda chake kilikuwa kwenye kile chumba cha mbele, kimesogezwa dirishani, na kazi yake ilikuwa kuwatambua wapita njia kwa vishindo vyao. Nikimpelekea shuka zake zilizonyooshwa alikuwa ananiambia kabla sijabisha, "Pita, mwenye kisigino kilicholika." Ukimweka chumba cha nyuma alilia kama mtoto, kwa sababu kule ni giza na hapiti mtu. Walishajaribu. Alikataa chakula mpaka wakamrudisha.

Kwa hiyo Mama Pacha hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Maneno yalianza mtaani. Wengine walisema binti yangu anajifunzia kazi kwenye nyumba zetu. Wengine walisema mstari ulipinda penye nyumba ya mama yake, wakaja na kamba kupima, wakakuta umenyooka, wakaondoka bila kuaga. Fundi cherehani, ambaye baraza lake ndilo duka lake, aliacha kuniletea nguo za wateja wake nizipige pasi. Watu wakaenda ofisini kwa makundi. Mwishowe mkuu wa binti yangu, mtu mpole mwenye mashati yanayonyooshwa vizuri na mtu ambaye simjui, akaitisha mkutano.

Ulifanyika penye uwanja wa kinyozi. Kinyozi tulimwita Mwenyekiti, si kwamba alichaguliwa, ila ndiye mtu pekee mtaani mwenye viti vya kutosha. Mkuu alikuja na kipaza sauti, ingawa hata bila hicho tungemsikia.

"Sisi ofisi hatumlazimishi mtu," akasema. "Wataalamu wetu wameleta njia mbili. Uko mtaro wa mvua kubwa, na uko mtaro wa mvua ndogo. Mtaa ni wenu. Chagueni."

Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia binti yangu akimnong'oneza, "Mkuu, mvua haipigiwi kura."

Mkuu alitabasamu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mvua haipigiwi. Ukuta unapigiwa."

Binti alisimama akaeleza. Alisema mtaro wa mvua ndogo utafurika pengine mwaka mmoja na mwaka mmoja hapana, kama kurusha sarafu, na siku ikija ile kali maji yatatoka ndani ya mtaro wenyewe na kuingia vyumba vya mbele, hasa vya chini. Akaeleza tena kwa maneno mengine. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, lakini sikumlea hivyo.

"Injinia, mwanetu," fundi cherehani akasema, "maji ya magotini tumeyazoea. Kubomolewa ndiyo hatujazoea."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichopiga kura.

Mwenyekiti akasema wanaotaka mvua ndogo wanyooshe mikono. Ikanyooka kama mahindi shambani. Mama Pacha alinyoosha miwili, mmoja akasema ni wa Bibi. Halafu wanaotaka mvua kubwa. Tulikuwa watatu. Mpangaji mmoja asiye na ukuta wake, mlevi mmoja aliyenyoosha mara zote mbili, na mimi. Sitajisifu. Sikuuelewa ule mtaro kuliko wenzangu. Niliunyoosha mkono kwa sababu mwanangu alikuwa amesimama pale mbele peke yake.

Rangi nyekundu ikapigwa chokaa. Binti akauchora upya mtaro, mwembamba, kwa uangalifu ule ule aliouchorea ule mpana, na mkuu akatia sahihi. Siku ya kuanza kuchimba binti alishuka mpaka kwa Mama Pacha. Nilikuwepo, nimepeleka shuka.

"Mama mdogo, mmeshinda, sina neno. Nakuomba moja tu. Miezi ya mvua kitanda cha Bibi kiwe nyuma."

"Kule anakufa kwa huzuni."

"Walau usiku."

"Nani atambeba kila jioni na kumrudisha kila asubuhi? Mume wangu yuko safarini na lori, mimi mgongo huu unaujua. Utakuja wewe?"

"Nitakuja."

Bibi alikuwa anasikiliza kutoka dirishani. "Mwache mtoto," akasema. "Mimi nimeona mvua nyingi kuliko hizo karatasi zake. Hakuna hata moja iliyonijia kitandani."

Binti hakubisha. Mtu mzima akishasema hivyo, utambishia vipi?

Mwaka wa kwanza mtaro ulifanya kazi. Ulikuwa mzuri, wa zege laini, wenye mifuniko. Mvua zilikuja zikanyesha, maji yakapita chini ya miguu yetu yakinguruma, tukavuka na viatu vikavu. Mwenyekiti alimtania binti yangu kila akipita. "Injinia, ile mvua yako vipi, imepotea njia? Tuitumie mtu wa kuipokea?" Binti alicheka kwa adabu. Nilimwona jinsi alivyokuwa akichungulia mbingu kila anapotoka, kama mtu anayemwogopa mdai wake, na nikawa namwombea, si mvua isije, maana mvua tunaihitaji, ila ije kwa upole. Niliomba hivyo kila asubuhi kabla ya kuwasha mkaa. Naandika hili kwa sababu watu huuliza.

Mwaka wa pili ilikuja mchana. Nilikuwa na shati la mwalimu kwenye meza, kola imebaki. Giza likaingia ghafla, nikatoka kuanua nguo, na kabla sijamaliza kamba moja bati lilianza kupiga kelele mpaka sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Sijui ilinyesha muda gani. Haikuwa ndefu. Mkaa wa pasi ulikuwa bado mwekundu ilipokuwa imekwisha.

Lakini ndani ya muda huo nilisimama mlangoni nikaona mifuniko ya mtaro inanyanyuka, mmoja mmoja, kutoka chini kuja juu, kama vifuniko vya sufuria. Maji hayakutoka mbinguni, yalitoka humo. Yalikuwa ya kahawia na yalikwenda mbio. Nikajua Mama Pacha amekwenda kuwachukua watoto shuleni, nilimwona akipita na mwavuli. Nikashika ukuta nikashuka. Maji yalinifika mapajani pale kwa fundi cherehani, yakaniangusha, Mwenyekiti akaniokota. Tukashuka wote, tumeshikana kama watu wanaocheza. Mlango wa Bibi ulifungukia nje na maji yalikuwa yameuegemea kwa uzito wote. Mwenyekiti akavunja dirisha.

Nitasema tu kwamba alikuwa bado kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa hakionekani.

Mama Pacha alifika na watoto wake wawili wamelowa, na watu waliokuwa wamejaa pale wakarudi nyuma. Walimpisha njia.

Tulimzika Bibi. Mimi nilinyoosha shuka za mwisho. Binti yangu alibeba maji, alipika, aliosha vyombo, na watu walimwangalia kwa jicho ambalo sikulijua jina lake. Hawakuweza kumlaumu, na hilo ndilo walilomlaumia.

Siku ya tatu baada ya mazishi mkuu alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, akavua kofia, akanipa pole kwa maneno mazuri. Halafu akamgeukia binti.

"Ile karatasi ya mlimani umeiona?"

"Nimeiona."

"Inasemaje?"

"Miaka mitano. Nimeilinganisha na zote za nyuma. Mvua kama hiyo imeshakuja mara nyingi tu."

Mkuu alivuta pumzi. "Andika mia."

"Mkuu."

"Nisikilize, mdogo wangu. Ukiandika mitano, kesho gazeti litauliza ofisi ilijengaje mtaro usiomeza mvua ya miaka mitano. Nami nitatoa karatasi ya kura. Wataona mikono yao wenyewe. Unajua maana yake? Yule mama ataambiwa amemuua mkwewe. Ukiandika mia, ni jambo la Mungu. Hakuna mwenye kosa. Watu wanalala." Akanitazama mimi. "Mama, wewe ni mtu wa sala. Si ni kweli kwamba kila mvua ni ya Mungu?"

"Ni ya Mungu," nikasema. "Lakini wewe unataka awe shahidi wa kitu ambacho hakukisema."

Mkuu aliigeuza kofia yake mikononi. Hakukasirika. Alikuwa mtu mwema kwa kiasi chake.

"Na mtaro?" binti akauliza. "Nikiandika mia, mtaro unabaki ulivyo. Mtaro uliozidiwa na mvua ya miaka mia hauna kosa, hautengenezwi. Nikiandika mitano, kuna sababu ya kuupanua."

"Utapanuliwa na nani? Utabomoa kuta za watu wenye msiba?" Akavaa kofia. "Wewe usiandike kitu. Pumzika. Nitampa mwingine."

Akampa mwingine. Wiki ile ile redio ikasema mtaa wetu umepigwa na mvua isiyo ya kawaida, ya aina inayotokea mara moja katika miaka mia, na mkuu akasikika kwa sauti yake ile ya upole akisema hakuna mtaro duniani ambao ungehimili. Nilikuwa napiga pasi. Nikaiacha pasi ikaunguza kanzu ya mtu, kitu ambacho hakijanitokea tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi hii. Binti alihamishwa upande mwingine wa ofisi. Sasa anahesabu taa za barabarani, zipi zinawaka na zipi zimekufa. Kile kipimo chenye kalamu kule mlimani saa yake inayozungusha karatasi imesimama na hakuna anayeitia ufunguo.

Nilimwambia akate rufaa, aende juu zaidi. Alikwenda. Walimsikiliza vizuri sana, wakampa kiti na maji ya kunywa. Ndivyo alivyoniambia. Halafu akafua shati lake, akalianika, akaingia kulala mchana kweupe, mtoto ambaye hata homa haikuwahi kumlaza.

Na mtaa ulipumua. Hilo ndilo lililonikata maini. Ukipita kwa kinyozi unasikia, "Ya miaka mia, bwana. Hatutaiona tena sisi, wala watoto wetu." Mtu akijenga ukuta ulioanguka anasema hivyo, mwenzake anaitikia, wanapeana matofali. Fundi cherehani alirudisha baraza lake pale pale, na akaniletea nguo tena, zimefungwa vizuri, na samahani ya kimya ndani yake. Nilizipokea. Nani angeniambia nizikatae? Ila nilipokuwa nazinyoosha nilikuwa nahesabu vikaratasi ndani ya kofia. Si ishirini na vitano tena. Vitano tu. Kila mwaka mkono unaingia.

Niliomba. Nimezoea kupata jibu, hata kama si lile nililolitaka, kunakuwa na utulivu fulani kifuani. Safari hii sikupata chochote. Niliendelea kuomba kwa sababu sikujua kufanya kingine.

Basi jioni moja, jua bado lipo, Mama Pacha akaja kurudisha sufuria zangu kubwa za msibani. Alikuwa amezisugua mpaka zinang'aa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona amejifunga kitambaa vizuri. Binti yangu alikuwa mezani anakunja shuka pamoja nami, yeye kona zile na mimi kona hizi.

"Dada, umeshindaje?"

"Salama, mdogo wangu. Karibu chai."

"Nimeshakunywa. Nimekuja na harufu ya chokaa, mnisamehe. Nimepaka chumba cha Bibi, leo nimemaliza." Akakaa ukingoni mwa kiti. "Pacha watahamia humo. Kule nyuma wanabanana, wameanza kuwa wakubwa, na darasa lao jipya linataka mtu asome. Dirishani pana mwanga. Nimeona bora chumba kisikae na majonzi, kikae na watoto."

Binti aliacha kukunja. Shuka ilibaki imening'inia kati yetu.

"Mama mdogo," akasema, "wasilale humo."

"Mbona? Ile si imeshapita?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelitafuta kwa muda mrefu. "Nakumbuka ulivyosema, kwamba haingoji. Lakini mia, mwanangu. Hata kofia yenye vikaratasi mia, mtu anaweza kulala."

Binti alinitazama. Nilijua ananiuliza nini. Nikafikiri, nikisema nyamaza, mwanamke huyu atalala usingizi usiku wa leo, na kesho, na pengine mwaka mzima. Sikutikisa kichwa wala sikukiinamisha. Niliishika tu shuka upande wangu isiguse chini.

"Haikuwa ya miaka mia," binti akasema. "Nani alikuambia?"

"Redio. Mkuu wako."

"Ilikuwa ya miaka mitano. Karatasi niliiona kwa macho yangu. Mvua kama ile ni ya kawaida, mama mdogo. Itarudi, na watoto watakuwa bado watoto."

Nje mtu alipita na toroli, gurudumu linalia.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Na ule mtaro mwingine? Ule uliokuwa na mstari?"

"Ungeyachukua."

"Yote?"

"Yasingefika hata kizingitini."

Nilimwona Mama Pacha anaangalia mikono yake, iliyokuwa na chokaa kwenye kucha, anaigeuza, anairudisha mapajani. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyejua. Lakini binti yangu alikuwa amejua, na alikuwa amesema, mbele ya watu wote, mara mbili.

"Sasa ofisi si itauchimba ule mpana," akasema hatimaye. "Wapige mstari tena. Mimi sitasema kitu. Wabomoe leo."

"Hautachimbwa. Ofisi imeshaandika mia. Na mimi si wa mitaro tena."

"Nikaseme mimi? Mimi mwenyewe, mwenye msiba?"

"Watakupa kiti," binti akasema, taratibu, "na maji ya kunywa."

"Basi pacha wabaki nyuma."

"Wabaki."

"Kule nyuma maji hayafiki?"

Hapa binti yangu, ambaye hajawahi kunidanganya hata alipokuwa mdogo na amevunja kikombe, alichelewa kujibu. Nikaona anatafuta, anapima, kama anavyofanya na karatasi zake. Niliomba, kwa mara nyingine, kwa haraka, sijui niliomba nini.

"Yanafika," akasema. "Yanachelewa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama mtu yuko macho, na mlango haujabanwa, anaweza kuwatoa."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei ya kitu asichoweza kukinunua. Niliachia shuka, nikamsogelea, nikamshika bega. Bega lilikuwa gumu. Aliutoa mkono wangu kwa upole, akanirudishia, akazipanga sufuria zangu moja ndani ya nyingine kwenye kona, ingawa zilikuwa zimeshapangwa. Akajifunga upya kitambaa cha kichwani. Binti yangu alisema, "Mama mdogo," lakini Mama Pacha alikuwa ameshafungua mlango, na akatoka, akauacha wazi.